Besi Inachelewa

Machi 3

Mvua ya kwanza ya msimu imetukuta katikati ya mazoezi. Chumba chetu kina paa la bati, kwa hiyo ikinyesha hakuna anayemsikia mwenzake, tunabaki watu wazima tunaotazamana midomo. Sauti, mwimbaji wetu na ndiye bosi, akatumia nafasi hiyo kutupigia kelele habari njema: tarehe thelathini Mei tunarekodi albamu ya jukwaani kwenye ukumbi wa maktaba, mchana, mbele ya watu. Hakuna kurudia. Ukikosea, kosa lako linabaki humo milele.

Nimeshangilia mpaka nikajiaibisha. Nina miaka arobaini na minane, napiga gitaa la besi tangu nina ishirini na mbili, nimepiga kwenye nyimbo za watu wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na jalada lenye jina langu sina hata moja. Kaka yangu, mpiga drams wetu, naye vilevile. Alininyooshea fimbo yake ya drams akasema, "Mama besi, safari hii tutaandikwa."

Daftari hili nilinunua la kuandikia funguo za nyimbo. Funguo nazijua. Nitaandika siku.

Machi 5

Nimesikiliza santuri yetu. Naiita yetu kwa sababu mimi na Kaka tuliimaliza utotoni, imekwaruzika mpaka inakohoa. Ni albamu ya jukwaani ya bendi iliyovunjika kabla sijazaliwa. Upande wa pili, wimbo wa tatu, mwimbaji anaingia mapema, mzunguko mzima kabla ya zamu yake. Hapo bendi yote ilikuwa ianguke. Lakini mpiga besi anaruka. Anaacha alichokuwa anapiga, anatua pale pale mwimbaji alipo, drams zinamfuata, na kufumba na kufumbua wako pamoja tena, utadhani ndivyo walivyopanga. Watu ukumbini wanapiga makofi. Hawakujua kitu.

Jalada lina jina la mwimbaji, la mpiga gitaa la solo, na hata la mwenye ukumbi. La mpiga besi halipo. Alikuwa mtu wa kukodiwa, wa onyesho hilo moja. Sisi tunamwita Yule.

Kaka ndiye aliyenionyesha, mimi nina miaka kumi, yeye kumi na sita. "Sikia hapo. Umesikia?" Sikusikia. Akarudisha sindano mara tano. Niliposikia, nilirudisha sindano mwenyewe. Wakati huo alikuwa anapiga madebe ya rangi nyuma ya nyumba, akaniambia, "Wewe ukiwa Yule, mimi siogopi kukosea."

Watu wa namna hiyo nawaheshimu kuliko mawaziri. Wanaingia studio asubuhi, wimbo hawajawahi kuusikia, mchana wanatoka wimbo umesimama kwa miguu yake, na msikilizaji anammwagia sifa mwimbaji. Kuna mmoja, nimesimuliwa, alipiga besi wimbo mzima na uzi mmoja umekatika, hakuna aliyejua mpaka alipokuwa anafungasha. Sifa yao kubwa ni kwamba hukuwasikia.

Machi 9

Mvua. Hakuna mazoezi.

Machi 14

Leo Sauti amesimamisha wimbo mara mbili. "Besi! Umelala? Unatuvuta nyuma."

Nikasema samahani, nimechoka. Mpiga solo akacheka, akasema nimezeeka. Nikamjibu kwamba mimi nikizeeka yeye atakuwa ameshasahaulika. Tukaendelea.

Ukweli naandika hapa tu. Si besi. Ni Kaka. Tangu mwaka juzi anachelewa kidogo, unywele tu, hasa wimbo ukifika katikati. Nami nachelewa naye. Tukichelewa wote wawili kwa pamoja, wimbo unakuwa mzito, unakuwa na madaha fulani, na watu wanasema bendi imekomaa. Wako hata waliokuja kunipongeza. Nadhani ni uchovu. Ana miaka hamsini na minne na anafungua duka la vipuri asubuhi kila siku, nani asichoke?

Wakati tunafungasha aliniangalia kama anayetaka kusema jambo. Kisha akasema, "Ahsante." Nikamwambia, "Ya nini?" Akasema, "Ya basi tu."

Machi 22

Jumapili, nimekula kwa Kaka. Mimi na wifi yangu hatujawahi kupatana kwenye chumvi. Yeye anaweka ya mgonjwa, mimi ningependa ya binadamu. Tunataniana hivyo miaka ishirini sasa. Nilikuwa namwona mwanamke wa hofu nyingi: mlango ukigongwa anashika kifua, mtu akipiga chafya anatafuta dawa.

Kaka alipokuwa anaweka kikombe mezani, aliikosa meza. Yaani aliachia kabla hakijafika. Chai ikamwagika, tukacheka, yeye akasema meza imehama.

Jikoni Wifi akaninong'oneza, "Niambie ukweli. Kazini yukoje?"

"Yukoje vipi?"

"Mkono wake. Mguu wake. Anaburuta kandambili. Nikimwuliza ananiambia nina wasiwasi. Wewe ndiye unamsikia kuliko mimi, wifi. Wewe masikio yako hayadanganyiki."

Nikamwambia, "Yuko sawa kabisa. Anapiga kama saa. Labda saa yako ndiyo mbovu."

Alicheka. Nilimwona kabisa mabega yakishuka. "Basi kama wewe umesema," akasema, akaendelea kuosha vyombo.

Machi 27

Mvua tangu alfajiri. Uzi wa tatu umeanza kupiga kelele, nibadilishe.

Aprili 4

Tumeitwa studio mimi na Kaka, kumpigia binti mmoja wimbo wake wa kwanza. Hivi ndivyo ninavyopenda: chumba kidogo, zulia ukutani, vipokea sauti masikioni, na fundi mitambo nyuma ya kioo. Fundi ni huyu huyu Waya anayeturekodi kila mahali. Tulimwita Waya kwa wembamba, sasa ana kitambi na jina limegoma kuondoka.

Tulipourekodi mara ya tatu, fimbo ilimtoka Kaka mkononi. Ilianguka kwenye zulia, haikutoa sauti. Nilijaza pengo lile kwa noti mbili za juu, yeye akachukua fimbo nyingine, tukatua pamoja. Nyuma ya kioo Waya akanyanyua dole gumba. Ndiyo mara waliyoichukua! Binti akasema pale katikati, penye zile noti mbili, ndipo anapopapenda kuliko pote.

Njiani nilikuwa najisikia mrefu. Nilimwambia Kaka, "Leo nilikuwa Yule." Akasema, "Ulikuwa Yule, mdogo wangu." Alikuwa anatembea polepole, nikapunguza mwendo.

Aprili 11

Mvua. Kaka kanipigia simu kuniuliza kama paa limeshatoboka. Tumesengenya watu nusu saa.

Aprili 18

Mazoezi tukiwa na nguo za jukwaani kabisa, na Waya akirekodi, mvua ikinyesha juu ya bati lakini si kubwa.

Wimbo wa nne, ule mrefu, mguu wa kulia wa Kaka ulikataa. Ile ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu ilinyamaza. Niligeuka nikamwona anautazama mguu wake kama mtu anayemtazama mtoto asiyesikia. Mikono inaendelea, mguu umekaa.

Nikaupiga mimi. Nilishuka kwenye noti za chini kabisa za besi, nikaziba uzi kwa kiganja ili itoe mshindo, nikapiga kila pigo ambalo mguu wake ungepiga. Mizunguko kumi na sita, kisha mguu ukarudi. Hakuna aliyegeuka. Sauti aliimba kwa macho yaliyofumbwa, mpiga solo akapiga solo lake. Tulipomaliza Waya akasema ndiyo bora kuliko zote.

Kaka alisema mguu ulilala, amekalia vibaya. Nikasema hata mimi hunitokea.

Sijawahi kupiga hivyo maishani mwangu. Mungu anisamehe kwa furaha niliyo nayo.

Aprili 19

Vidole vimevimba. Bado nina furaha.

Mei 2

Kaka ameanguka.

Alikuwa anafungua duka. Jirani anasema aliinama kwenye kufuli, akabaki ameinama, kisha akaenda chini akitetemeka mwili mzima. Nilimkuta Wifi hospitalini amevaa viatu viwili tofauti. Tulikaa kwenye benchi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, na mvua inapiga dirisha, na sijui tuliongea nini.

Daktari ni mwanamke wa makamo, anaongea taratibu. Akasema ni uvimbe kichwani, mkubwa, umekaa mahali pabaya, na haukuanza jana. Akatuuliza dalili zilianza lini. Wifi akasema yeye aliona mambo madogo madogo nyumbani, kikombe, kandambili.

"Anafanya kazi gani?" daktari akauliza.

"Ana duka. Lakini kazi yake hasa ni drams."

Daktari akaacha kuandika. "Drams? Mikono na miguu? Basi kazini kwake ndiko ingeonekana mapema kuliko popote. Wenzake hawakuona kitu?"

Wifi akanigeukia, bila ubaya wowote, akiwa ananitetea kabisa. "Huyu dada yake anapiga naye kila siku. Nilimwuliza. Alisema yuko sawa."

Daktari alinitazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na gitaa langu. Nikauliza swali la kijinga, kwamba je, kama tungekuja mwaka jana? Akasema hapendi kujibu maswali ya namna hiyo. Kisha akajibu: "Mwaka jana tungekuwa tunazungumza mambo mengine."

Watampasua tarehe ishirini na tano, akipata nguvu.

Mei 4

Nimekwenda kwa Waya. Anahifadhi kila kitu. Nilimwomba ule wimbo mrefu, kila mara tulipourekodi tangu mwaka juzi, aupange kwa tarehe.

Mara ya kwanza: dakika tano na sekunde nane. Ya pili, tano na ishirini na moja. Ya tatu, tano na arobaini. Ya Aprili 18: sita na kumi na mbili.

Wimbo ni ule ule. Hakuna ubeti ulioongezwa.

Waya alikuna kichwa. "Mimi nilidhani ni mtindo wenu," akasema. "Na wewe ulikuwa umeshikana naye mno, nani angejua? Ukienda peke yako mtu anasikia. Mkienda wawili ni mtindo."

Nilizisikiliza zote. Nilijisikia mwenyewe humo, stadi, mtulivu, nikimsubiri kaka yangu, nikimfunika, nikimtandikia mkeka kila anapotaka kuanguka. Nilimficha vizuri mno. Mpiga besi mbovu angemwokoa. Angegongana naye, wimbo ungevunjika, Sauti angepiga kelele, na tungemtazama wote. Nililia mpaka Waya akazima mitambo.

Mei 7

Mvua.

Mei 10

Nimemwambia Wifi. Nisingeweza kukaa nalo.

Nilimkuta anakunja nguo za Kaka za hospitali. Nilisema yote nikiwa nimesimama: mwaka juzi, unywele, zile noti mbili, mguu, mizunguko kumi na sita. Alikuwa ameshika shati, akawa analikunja, analikunjua, analikunja.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua anachelewa. Sikujua anaumwa."

"Nilikuuliza. Jikoni hapo. Nilikuuliza kwa kunong'ona ili asijisikie vibaya."

"Najua, wifi."

"Nilikuwa nimeshapanga kumpeleka kwa nguvu. Nimeshamwambia ndugu yangu aje na gari Jumatatu. Wewe ukasema anapiga kama saa, nikamwambia asije. Nikajicheka na uoga wangu." Akalitupa shati kitandani. "Miaka yote mnasema mimi mwoga. Nilikuwa naona! Mwoga ndiye alikuwa anaona!"

Ni kweli. Miaka ishirini nilimdhania ni kelele tu, kumbe katika nyumba ile yeye pekee ndiye aliyekuwa anasikiliza.

"Toka kwangu," akasema. Nikatoka. Nilisahau mwavuli na sikurudi kuuchukua.

Mei 12

Wifi hapokei simu.

Mei 13

Hapokei.

Mei 15

Sauti anataka kujua kuhusu tarehe thelathini. Nimemwambia aniache. Amekuja mwenyewe mlangoni kwangu, amelowa, akasema, "Nilikusimamisha mbele ya watu nikakwambia unatuvuta nyuma. Kwa nini hukusema ni yeye?" Nikamwambia ni kaka yangu. Akasema, "Ndiyo maana ungesema." Huyu mtu nilikuwa nadhani anajipenda tu.

Mei 19

Nimemwona Kaka saa ambayo Wifi huenda nyumbani kuoga. Wamemnyoa. Mkono wa kulia hauinuki. Akatabasamu upande mmoja, akasema ule upande mwingine umekwenda mazoezini.

Nilipiga magoti pale kitandani nikaanza kumwomba msamaha. Alinikatiza.

"Nilikuwa nakusikia," akasema.

"Kunisikia vipi?"

"Unanifunika. Tangu mwanzo. Kila nikichelewa nakukuta umeshafika, umekaa unanisubiri. Ile siku ya mguu, mguu wangu nilikuwa nausikia unatoka kwenye spika yako." Akacheka kidogo, akapumzika. Maneno yanamjia polepole sasa. "Nilikuwa naogopa, mdogo wangu. Nikajiwekea sharti. Nikasema, siku dada yangu atakapogeuka aniambie Kaka unakosea, siku hiyo nakwenda kwa daktari. Kama hasemi, basi ni kitu kidogo. Yeye ana masikio."

Nilishika mkono wake ule mzima. Nilikuwa namsubiri yeye aseme, naye ananisubiri mimi. Miaka miwili tumekaa hivyo, mita moja na nusu kati yetu, kila mmoja anamheshimu mwenzake.

"Usinilie," akasema. "Ulipiga vizuri sana." Ndicho kilichonimaliza.

Mei 25

Wamempasua. Hajaamka.

Mei 26

Hajaamka.

Mei 27

Kaka yangu amefariki saa nne na dakika kumi asubuhi.

Mei 30

Ukumbi wa maktaba ulikuwa umeshalipiwa na viti vimeshapangwa. Sauti alisimama mlangoni kwenye mvua na kuwaambia watu, mmoja mmoja, warudi nyumbani.

Juni 9

Wifi amekuja. Nilifungua mlango nikamwona amesimama na mwavuli wangu mkononi.

"Nataka kumsikia," akasema. Hakuingia. "Nipeleke kwa huyo fundi wenu."

Tulikwenda kwa miguu. Kule kwa Waya tulimkuta Sauti. Wamepata wazo: kwa kuwa albamu haikurekodiwa, watoe ile ya Aprili 18, ya mazoezini, na mvua yake juu ya bati. Waya anaweza kunyoosha mwendo kwa kompyuta, kila pigo likae mahali pake, mtu yeyote asijue. Alinitazama mimi nijibu. Ni kazi nzuri. Ni kazi ambayo ningeifanya mimi.

Wifi akamwuliza Waya, "Unaweza kuondoa besi?"

"Kuondoa?"

"Nimsikie yeye peke yake. Bila ya huyu."

Waya akanitazama. Nikatikisa kichwa kukubali. Akashusha besi, akashusha magitaa, akashusha Sauti. Zikabaki drams na mvua.

Jamani. Mtoto mdogo angesikia. Anachechemea. Mkono wa kulia unafika umechelewa, unaomba radhi, unachelewa tena. Kisha mguu unanyamaza, na ile mizunguko kumi na sita ni mikono mitupu hewani, na mvua, na pumzi zake, maana maikrofoni ilikuwa karibu. Unamsikia anasema kwa sauti ndogo, "Njoo. Njoo basi." Anauambia mguu. Sikuwahi kulisikia hilo. Nilikuwa napiga.

Wifi alikaa wima, mikono mapajani, hadi mwisho.

"Huyu," akasema. "Huyu ndiye niliyekuwa naishi naye."

Kisha akamwambia Sauti kwamba kama wanaitoa waitoe hivi alivyo, wasinyooshe kitu, na majina yaandikwe, la mumewe kwanza. Akanigeukia. "Na lako. Uliandike na ulichokifanya."

Sijui kama ni msamaha. Sidhani. Lakini tulirudi chini ya mwavuli mmoja.

Juni 12

Nimeweka santuri, upande wa pili, wimbo wa tatu. Mwimbaji anaingia mapema, Yule anaruka, makofi. Miaka thelathini na minane nimekuwa nikimsikiliza Yule. Leo kwa mara ya kwanza nimemsikiliza mwimbaji. Kwa nini aliingia mapema? Alikuwa anaumwa? Amelewa? Ameachwa na mtu? Sijui kama kuna aliyemwuliza baadaye, huko nyuma ya jukwaa, au walimpongeza tu.

Nimeirudisha kwenye jalada lake.

Juni 20

Mvua imekuwa ya kubahatisha sasa, inakuja kidogo na kuondoka.

Tumepata mpiga drams mpya, mama wa makamo anayefundisha muziki shuleni, mikono mizito, haongei sana. Leo mazoezi ya kwanza. Alikalia kiti cha Kaka, akakishusha kidogo.

Wimbo mrefu. Nilianza vizuri. Tulipofika katikati nikasikia ninabaki nyuma, unywele, kisha zaidi ya unywele. Vidole vilikuwa vinamsubiri mtu. Nilijaribu kujikaza kisabuni, vikakataa. Nilijua yule mama anachoweza kufanya: achelewe nami kidogo, tuwe wazito, tuwe na madaha, wimbo usimame.

Alinyamazisha sahani ya shaba ya drams kwa mkono. Akaweka fimbo juu ya ngoma. Bendi nzima ikakatika vipande, mpiga solo akabaki peke yake na noti moja ya aibu, Sauti akafumbua macho.

"Besi inachelewa," yule mama akasema, mbele ya watu wote, bila kupandisha sauti. Akanigeukia. "Dada, uko sawa?"

Kumbe ni swali fupi hivyo.

Nikamwambia hapana.